Zamu ya Mama Mihayo

Wewe unayesoma hapa, umeshazoea kugeuza uso. Zuwena alipofia na mimba yake juu ya toroli la kubebea mawe, katikati ya njia ya makarasha, mashine za kusagia mawe, uligeuza uso. Tulipopiga kelele zikaja hotuba, zikaja ahadi za gari na za watumishi, ukapiga makofi, ukaenda zako. Wengine hatujasahau. Leo usigeuke. Tazama chumba hiki.

Generosa, mama yake Mihayo, yuko sakafuni, juu ya nailoni. Kitanda cha kuzalia ni kimoja tu, na kimelaliwa na Zakia, aliyejifungua alfajiri. Huku machimboni, mwanamke akikaribia siku zake huja kungojea kwenye banda la bati nyuma ya zahanati, kwa sababu ukingojea nyumbani na mvua ikanyesha, njia imekatika. Wanapika chungu kimoja. Wanasuguana migongo, wanatekeana maji. Uchungu ukimshika mmoja, waliobaki wanaingia naye chumbani. Wenyewe wanaita zamu.

Alfajiri ilikuwa zamu ya Zakia, na aliyemshika ni Generosa. Uchungu wake mwenyewe ulimwanzia palepale. Aliuma pindo la kanga, akaendelea na mwenzake mpaka mtoto akalia. Ndipo akajishusha chini taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Haya. Na mimi chupa imepasuka."

Salome, binti aliyetoka Didia, mwenye mimba ya kwanza, akafanya alivyofundishwa na bibi yake: penye uzazi pasibaki kitu kilichofungwa. Akamfumua Generosa nywele. Akamfungua shanga za kiunoni, akafungua fundo la kanga, akafungua hata kamba ya pazia la dirisha.

"Ukimaliza hapo kafungue na duka la Kalisti, tupate soda," Ghati akamtania. Ghati ni wa Tarime, mkubwa wa mwili na wa mdomo, na tumbo lake la miezi minane lilikuwa linamtangulia kila mahali.

"Mwache afungue," Generosa akasema. "Ila anawe mikono kwanza. Na wewe Ghati, nawa."

Wakacheka, wakanawa.

Mtoto alitoka vizuri, wa kike, akalia papo hapo. Generosa aliwaelekeza wafunge kitovu wapi na wakate wapi, wamfute, wamlaze kifuani kwake. Wakafanya. Salome alikuwa analia kwa furaha, anamwita mtoto mayu, mama yangu.

Lakini kondo la nyuma halikutoka. Ikaja damu.

Kwanza ilikuwa kidogo, kisha ikajaza nailoni, ikapita pembeni, ikaanza kufuata mteremko wa sakafu kuelekea mlangoni. Generosa akamwambia Salome amsugue tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, asimwonee huruma. Ghati alikuwa ameishika kamba ya kitovu mkononi, hajui aifanyeje.

"Usiivute," Generosa akamwambia. "Ukivuta umeniua."

Ghati akaulizia ile sindano ya kuzuia damu.

"Ya mwisho kachomwa Zakia."

Kule kitandani, Zakia akaficha uso nyuma ya kichwa cha mtoto wake. Kisha akachukua simu, akaanza kupiga kituo kikubwa. Inaita, haipokelewi. Anapiga tena.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mchimbaji, kidole kimesagwa na karasha, amekifunga kwa soksi. Anamtaka nesi.

"Ana kazi," Salome akamjibu kupitia upenyo. "Subiri."

Akamfungia. Walimsikia huko nje akikaa kwenye benchi, akiwatukana manesi wa serikali, kwamba jua limeshatoka na wenyewe bado wanajipaka mafuta. Salome alirudi kusugua.

Sauti ya Generosa ilikuwa imeanza kupungua. Alikuwa anaanza neno na kuliacha njiani. Midomo ilishakuwa na rangi ya majivu. Akamwita Ghati karibu.

"Isipokoma," akasema, "chukua... ingiza..."

Wakasubiri amalizie. Macho yakafumba.

"Nichukue nini?" Ghati akauliza. "Niingize nini, mama Mihayo? Sema, mimi nafanya. Siogopi."

Salome alisugua mpaka mikono ikafa ganzi, akapokewa na Ghati, akampokea tena. Mtoto alikuwa bado kifuani kwa mama yake, anatafuta ziwa. Hapo ndipo simu ikapokelewa. Zakia akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Akaeleza haraka: mama amejifungua, kondo limebaki, damu haikomi, amezimia.

Mwanamume wa upande wa pili akamuuliza yeye ni nani.

"Mzazi mwenzake. Nimejifungua hapahapa alfajiri. Gari lipo?"

"Gari lipo, limeegeshwa hapa mlangoni. Lakini dada, halitoki kwa maneno ya mgonjwa. Juzi tulikimbilia huko, tukamkuta mama anakunywa uji. Utaratibu ni nesi wa zamu aongee mwenyewe, anieleze hali, ndipo dereva awashe."

"Kaka yangu, anakufa."

"Nimekusikia. Mpe simu nesi."

Zakia akamtazama Ghati. Ghati akaja, akaichukua simu, akapiga magoti na tumbo lake hilo kwenye damu, akaiweka sikioni kwa Generosa.

"Nesi wa zamu ndiye huyu hapa," akasema. "Ongea naye."

Bado anapumua. Nyanyuka hapo ulipokaa. Washa gari.