Ndoo Mpya za Kiwanda

"Kisima hakina tatizo, mama zangu. Uchafu uko kwenye ndoo zenu," alisema bwana mkubwa wa kiwanda cha korosho, akatugawia ndoo mpya zenye mifuniko.

Mjukuu wangu Faidha alikuwa mgongoni kwangu, tumbo limemvimba, hata kulia hawezi tena.

Nikaona aibu, mgeni hajapewa hata maji! Nikachota kisimani kwa ndoo yake, nikajaza bilauri, nikapiga goti kwa adabu zote.

"Karibu maji, baba. Ndoo umeileta wewe, na kisima umekisifu wewe."

Wenzangu wakaficha vicheko kwenye kanga.

Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta, unang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa, unanuka maganda ya korosho. Aliutazama, akatutazama sisi. Kisha akajichekesha, akainua bilauri mpaka ikamgusa mdomo.

"Bosi, usinywe hayo!"

Alikuwa dereva wa gari la majitaka la kiwanda, anakuja mbio, kandambili moja imemvuka.

Vicheko vikakatika. Tukamgeukia sote, naye akaanza kurudi kinyumenyume.