Ukaguzi wa Nyumba ya Gulbanu

Otilia alifungua friji kabla hajakaribishwa kukaa.

"Frigo yote hii, chakula ni hiki tu?"

Gulbanu, mwenye nyumba, alisimama nyuma yake akiukunjakunja mtandio wake. Tangu majira ya joto alikuwa akimlea Amandine, mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa hapa mjini Pickering na ofisi ya ustawi wa watoto. Ofisi ilimchagua Gulbanu kwa kuwa alizaliwa Mwanza na Kiswahili anakijua.

"Mtindi upo, jibini ipo, matunda yapo," alijibu. "Na chai ya maziwa iko tayari. Karibuni."

Otilia hakutaka chai. Alitaka kuona sufuria. Nyumba gani ya mtoto haina hata sufuria moja yenye kiporo? Mtindi! Vikopo vimepangwa kama dukani, kila kimoja na kidubu chake kinachocheka. Akaufunga mlango wa friji kwa kiwiko, kama mtu anayeogopa kuchafuka.

"Andika hilo," alimwambia Brice.

Brice, kijana wa ofisini aliyemleta kwa gari kutoka mtaa wa Rexdale, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, kompyuta mapajani. Akaandika.

Walikuwa na saa moja. Swali lilikuwa Amandine abaki katika nyumba hii au aondoke, na Otilia alikuwa amelijibu tangu mlangoni. Aliwahi kuona kwa macho yake jinsi mtoto anavyoondolewa nyumbani. Hakuna anayepiga kelele. Friji hufunguliwa, godoro huinuliwa, mwenye nyumba huulizwa maswali kwa sauti ya upole, na kabla chai aliyowapa wageni haijapoa mtoto keshafungwa mkanda ndani ya gari. Ndiyo maana leo alibeba koti dogo jekundu la baridi kwenye mfuko wake. Mambo yakifika hapo, hakuna anayekupa nafasi ya kutafuta nguo.

"Yuko wapi?"

"Amelala, huko juu. Nimwamshe?"

"Muache alale. Ana safari."

Gulbanu akamtazama Brice. Brice akatazama kompyuta yake.

Ngazi zilikuwa na zulia la rangi ya maziwa, na Otilia alilidharau kila alipolikanyaga. Zulia la namna hii ni la watu wanaomsubiri mgeni, si la watu wanaolea. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu, peke yake, na mlango umefungwa! Kando ya kitanda kidude cheupe kiliwaka taa ya kijani.

"Hiki kinasikiliza," Gulbanu alinong'ona. "Akikohoa tu, namsikia jikoni."

"Unamsikia. Na usiku nani anamshika?"

"Niliambiwa asilale na mtu mzima."

"Uliambiwa na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi!" Otilia alicheka kicheko kikavu. "Ofisi imezaa wangapi?"

"Mama, taratibu," alisema Brice kutoka mlangoni.

Otilia hata hakugeuka. Vijana kama huyu aliwajua vizuri. Wamesomea kulea watoto vitabuni, na kwao hata paka hawafugi. Aliinama juu ya kitanda. Magoti ya mtoto yalikuwa yamechomoza nje ya blanketi, yamepauka, hayajui mafuta ni kitu gani. Nywele hazikusukwa, zimefungwa tu mafundo mawili juu ya kichwa, kazi ya mtu aliyejifunza kwenye simu. Akakinusa kichwa kile kwa muda mrefu. Sabuni ya matunda. Mtoto wa watu ananukia kama pipi!

Akainua pembe ya godoro, akatazama chini yake. Palikuwa safi. Hilo hakumwambia Brice aandike.

"Mafuta hapakwi. Nywele hazisukwi. Chakula cha moto hakionekani, na analala peke yake kama mgonjwa wa hospitali," alisema. "Umeandika?"

"Nimeandika yote."

"Basi yanatosha. Wako walioondolewa kwa machache kuliko hayo."

Gulbanu alianza kulia, kimyakimya, mtandio mdomoni. Alisema kwamba anampenda mtoto huyu, kwamba kama ni mafuta atanunua, kama ni ugali atajifunza kuusonga. Otilia alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi zake nyeupe. Anampenda! Wote husema hivyo. Machozi hayajawahi kumrudisha mtoto yeyote, na hilo angeweza kumwambia, lakini amsaidie kwa lipi?

Alifungua mfuko, akatoa koti, akalitandaza kitandani. Likaonekana fupi, mtoto alikuwa ameongezeka kimo. Otilia alikunja uso kidogo, kisha akaushika mkono mdogo uliolegea kwa usingizi, akaanza kuuingiza kwenye koti polepole, asimshtue.

Brice alifunga kompyuta yake. Akaingia chumbani, akautoa ule mkono mdogo kwenye koti, akalikunja koti na kulirudisha mfukoni.

"Saa yako ya kumwona mwanao imekwisha, Mama Amandine," alisema. "Si ungemwamsha."