Mke Mwenza Mwenye Nguzo Nene

Zama hizo, kila jengo la chuo likitimiza miaka hamsini lilipewa sauti, kisha likaozwa kwa mhadhiri wa kulitunza. Ndivyo Mwantumu alivyopata mke mwenza: Ukumbi wa Zamani, bibi harusi wa mawe mwenye nguzo nene na popo darini. Sheria ilitaka zamu sawa kwa sawa.

"Jana ilikuwa zamu yangu," alimfokea mumewe, Dakta Kibwana, "na umerudi unanuka chokaa!"

"Mwenzio alikuwa na ufa, mke wangu."

"Na mimi mgongo wangu? Umewahi kuupiga lipu?"

Dakta akacheka, akaapa kwamba kuanzia leo atashinda humu humu, katika nyumba yao ya chuo, hatoki. Mwantumu akaenda jikoni kubandika pilau, mdomo umejaa tabasamu la ushindi. Mke mwenza wa mawe na akeshe na popo wake!

Ndipo ukuta wa jikoni ulipokohoa.

"Shikamoo, dada mkubwa," ukasema kwa haya. "Leo nimetimiza hamsini."

Sebuleni, Dakta alikuwa ameshaanza kukoroga chokaa, huku akipiga mluzi.