Kidole Kilichobaki

Mashine ya bima ilikataa kidole gumba cha Bi Somoe, ikakataa na vingine vilivyofuata. Miaka ya kubangua korosho ilikuwa imezila alama zake.

"Bibi, bila alama ya kidole bima hailipi dawa," alisema mfamasia.

"Mjukuu wangu, kwani picha ya kwenye kadi si mimi?"

"Ni wewe. Lakini mashine haijui sura."

"Bi mkubwa, vidole vimekutangulia!" alitania mzee aliyekuwa nyuma yake. Foleni ikacheka.

Bi Somoe hakucheka. Dawa ya moyo ilimwishia jana, na kifua kilikuwa kimeanza kubana. Kilibaki kidole kidogo cha kushoto, ambacho kazini alizoea kukiinua kisiguse mafuta makali ya maganda. Alikifuta kwenye kanga, akakiweka. Kwa mara ya kwanza, taa ya mashine ikaanza kupepesa.