Adabu ya Magoti

Kitu cha kwanza Nakhisa alichokiona alipofika Kampala kilikuwa nyusi za mwenye duka. Alimuuliza kama ana sukari. Yule bwana akainua nyusi tu, akamtazama. Nakhisa akangoja, akaona haya, akarudi mikono mitupu.

"Sukari iko wapi?" akauliza Mama Adoch, mjane wa askari, mama aliyemwajiri kazi za nyumbani.

"Hakunijibu, mama."

Mama Adoch alicheka hadi akaegemea ukuta. Akamwita jirani yake, Babra, aje amwone Mkenya wake. "Hapa mtu akifanya hivi," akainua nyusi zake nyembamba, "amesema ndiyo. Nyinyi kule Bungoma munataka mtu apige kelele kama anauza samaki?"

Kisugu, mtaa wao hapo Kampala, ilikuwa na mengi ya kujifunza. Nakhisa alijifunza kumshukuru mtu anayefagia, hata kama hafagii kwake. Alijifunza kwamba wali bila matoke, ndizi za kupikwa, si chakula. Lililomshinda ni magoti.

Kwao, msichana humwinamia mkubwa kidogo, akampa mkono, yakaisha. Kwa Mama Adoch alipaswa kupiga magoti mpaka chini akisalimu, akileta chai, akiulizwa, akijibu. Mara ya kwanza alisalimu wima. Mama Adoch akampeleka uani, akampigisha magoti kwenye kokoto, naye akaketi hapo akanywa chai yake polepole mpaka tone la mwisho.

"Magoti yako imetengenezwa na mbao?"

Nakhisa akapangusa kokoto zilizomganda magotini.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu kwamba mama yake mzazi amezidiwa. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mama Adoch, akaomba siku tatu tu. Akangoja. Mama Adoch akageuka, akaongeza sauti ya redio. Jumapili mama yake alizikwa Bungoma, Nakhisa akiwa jikoni Kisugu anamenya ndizi.

Jioni alipeleka chai, akapiga magoti vizuri mno hata Babra akamsifu. "Huyu sasa ni mtu wetu."

Mwezi wa sita Mama Adoch alianguka bafuni. Mwili ukafa ganzi, ulimi ukalala. Babra alikuwa safarini. Nakhisa alimburuta hadi kitandani, akampangusa, akakimbia kliniki ya karibu, akarudi na Daktari Odero, kijana aliyekuwa na wiki moja tu tangu atoke Kisumu, Kenya.

Daktari akainama. "Mama, unanisikia?" Akangoja. "Kichwa kinauma?" Akambonyeza kidole, hakikusogea. "Twende hospitali?"

Midomo haikucheza.

Simu ilikuwa wazi kwenye spika. Upande wa pili alikuwa Ocira, mwana wa pekee wa Mama Adoch, askari aliyeko Somalia.

"Kama anatusikia, apasuliwe kichwa leo leo, atapona," daktari alimwambia. "Kama hasikii, tutamtesa bure." Akamgeukia Nakhisa. "Dada, wewe ndiye unayeishi naye. Amekujibu kwa namna yoyote?"

Nakhisa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, beseni mkononi, akimtazama mgonjwa usoni.

"Hapana, daktari."

Ocira akasema, sauti ikimkatika, "Basi musimupasue. Muache mama apumzike."

Ilimchukua siku nne kupumzika.

Msibani kila mtu alimsifu msichana Mkenya aliyemuuguza mama wa watu kama mamaye. Kabla jeneza halijafungwa, Nakhisa alisogea, akapiga magoti mpaka chini, kama alivyofundishwa. Babra alipoona hivyo akaangua kilio. Nakhisa akainuka kidogo, akapeleka mdomo kwenye sikio la marehemu.

"Niliziona nyusi zako, mama," akasema. "Mara tatu."