Maji ya Mgeni

Mpima maji alikuwa ametoka kutangaza kisimani kwamba majibu ya maabara ni mazuri na maji ni salama. Vigelegele vilikuwa havijakoma alipoingia ndani kwa mama mwenye kisima kulainisha koo.

Kwa miezi mtaa mzima ulilinyooshea kidole dampo la nyuma ya nyumba zao, na hakuna aliyethubutu kuyanywa maji yale.

Mama alimletea glasi, ameishika kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Umetutua mzigo."

Kwa mazoea ya kazi, aliiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata chembe.

"Haya ni ya kisima, mama?"

Mama akacheka. "Wewe nawe! Mgeni nimpe maji yananuka kutu? Haya ya kununua. Ndiyo niliyokujazia kwenye vichupa vyako siku ile."

"Vichupa vya kupima?"

"Kisima si ulishakipima kwa ule waya wako? Vichupa nikajua wakubwa zako wanataka kuonja. Ningewapelekea uchafu, uso wangu ningeuweka wapi?"

Waya ule ulipima kina tu. Jua lilikuwa kali siku ile. Mama alimwambia akae kivulini, atamchotea yeye, naye akaona si adabu kukataa.

Aliiweka glasi chini, akageukia mlango.

Nje, kapi la kuvutia ndoo kisimani, lililokuwa kimya miezi yote hiyo, likaanza kulia.