Kanga Aenda Kumuaga Kasuku

Kasuku aliwaigizia ndege visa kwa vibaba viwili vya mtama kila mwezi. Kanga, mama wa vifaranga kumi na wawili, hakupata kunyoosha miguu ila wanawe wakitazama. Mtama ulipopungua ghalani, akaenda kuaga.

“Kasuku, sisi tunaacha. Watoto wale kwanza.”

“Usiondoke, Mama Vifaranga! Lete kibaba kimoja.”

“Sina.”

“Basi nusu, kwako tu!”

Njiwa, mteja wa miaka kumi, akadakia, “Na mimi je?”

“Wewe, bibi, hujawahi kuaga.”

Kanga akashukuru kwa moyo wote, maana wanawe watakula naye atapumzika. Njiani akamwambia Njiwa, “Shoga, kuaga hakulipiwi. Kesho nitakusindikiza.”